Mpunga unaowahi kufunga majani haulemewi na magugu

Mkulima akiniuliza apulize dawa gani ya magugu, huanza kwa kumuuliza: mpunga wako hufunika ardhi baada ya muda gani? Wengi hawajawahi kuhesabu. Siku 30 hadi 45 za mwanzo ndizo zinazoamua mavuno. Gugu linaloota baada ya majani ya mistari jirani kukutana halina madhara makubwa.

Kivuli hufanya kazi mbili. Majani mabichi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na kupitisha ule mwekundu wa mbali, ambao jicho la mtu halioni vizuri. Mbegu ndogo zilizo juu ya udongo huihisi tofauti hiyo, na nyingi huendelea kulala. Zilizokwisha kuota hukosa mwanga wa kujilisha. Ndago, kwa mfano, hushamiri juani lakini kivulini hunyong'onyea haraka.

Kupandikiza miche ya wiki mbili au tatu huupa mpunga mwanzo mzuri, hasa jaruba likiwa limesawazishwa na maji yakatulia, kwa kuwa mbegu nyingi za nyasi haziwezi kuota zikikosa hewa. Ukisia mbegu moja kwa moja shambani, faida hiyo huna, kwa hiyo nafasi kati ya mistari ina uzito zaidi: sentimita 15 hufunga mapema kuliko 30. Kilimo shadidi, chenye mche mmoja mmoja kwa sentimita 25 kwa 25, huacha udongo wazi kwa muda mrefu. Sikikatai, ila anayekifuata bila kipalizi cha kusukuma anayaachia magugu nafasi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni aina ya mbegu. IR8, iliyotolewa na IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, mwaka 1966, ilikuwa fupi, yenye majani yaliyosimama wima. Umbo hilo lilistahimili mbolea nyingi bila kuanguka, lakini kivuli chake ni haba. Mpunga asilia wa Afrika, Oryza glaberrima, huchipua mapema na majani yake ya chini hulala yakafunika ardhi. Ndiyo sababu moja iliyowafanya watafiti wauchanganye na ule wa Asia wakapata aina mpya ziitwazo NERICA. Si NERICA zote zilizorithi sifa hiyo, kwa hiyo jina kwenye mfuko lisikutoshe; tazama mmea wenyewe ukiwa mchanga.

Mbolea ya naitrojeni nayo haichagui. Ukiimwaga kabla ya palizi, magugu ndiyo yatakayonenepa. Palilia kwanza.

Sasa, Echinochloa. Nyasi hii ni mkaidi: ikitiwa kivulini hurefusha shina na kuongeza majani mpaka iupite mpunga kimo, kisha mpunga wako ndio unaobaki gizani. Tena ikiwa changa hufanana na mpunga kiasi cha kumchanganya hata mpaliliaji mzoefu. Chunguza pale jani linapokutana na shina: mpunga una ulimi mwembamba mweupe na vimasikio vyenye vinyweleo, lakini kwa Echinochloa crus-galli pako patupu. Hiyo usiisubirishe kivuli. Ing'oe kwa mkono kabla haijatoa mashuke, uitoe nje ya jaruba, maana ikiachwa kwenye tope hushika mizizi upya.