Acheni Kunidai Kahawia

Juzi ujumbe umeingia tena, safari hii na picha ya kabati langu mwenyewe: "Dada fundi, hongera, kazi nzuri. Ila mbona linang'aa hivyo? Si ulisema ni la zama za kati? Naomba ulipige vanishi nyeusi kidogo lionekane la kale." Mimi natengeneza samani ndogo za nyumba za midoli, na kabati lenyewe lina urefu wa sentimita 14. Milango myekundu, fremu ya kijani, na ua jeupe katikati ya kila mlango, nililolichora kwa brashi iliyobaki na nywele chache tu. Eti nilipige vanishi nyeusi.

Basi nijibu hapa, ili atakayeuliza tena nimtumie linki badala ya kumtumia hasira.

Samani za Ulaya ya zama za kati (kwangu ni karne ya 12 hadi ya 15, ndiko oda zangu nyingi za nyumba za midoli zinakoangukia) hazikuwa nyeusi kwa sababu hazikuwa za kale. Zilikuwa mpya. Mwaloni ukipasuliwa leo ni mweupe unaoelekea manjano. Ule weusi wa makumbusho umeletwa na hewa, mwanga, moshi, nta, mafuta na mikono ya watu kwa mamia ya miaka. Bwana aliyeagiza sanduku mwaka 1380 hakuagiza na miaka 600 juu yake. Aliagiza sanduku, na kama mfuko uliruhusu aliagiza lipakwe rangi, wageni waone.

Wabishi huwa nawapa mfano wa kiti cha kutawazia wafalme kilichopo kanisa la Westminster Abbey, London. Kilitengenezwa kwa mwaloni mwaka 1300 hadi 1301 kwa amri ya Edward I, mfalme wa Uingereza, kulihifadhi jiwe la kutawazia wafalme wao alilowanyang'anya Waskoti mwaka 1296. Kitazame leo: kahawia, kimechubuka, kimechanjwachanjwa. Lakini mchoraji wa mfalme, Walter of Durham, alikikabidhi kikiwa kimepakwa dhahabu, kimejaa ndege, majani na wanyama, na mabaki ya mapambo hayo bado yapo. Sehemu kubwa ya zile chanjo ni majina yaliyochongwa na wanafunzi na wageni wa karne ya 18 na 19. Mmoja, Abbott, amechonga kabisa kwamba alilala kwenye kiti hicho usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Julai 1800. Kwa hiyo mteja anayenitumia picha ya kiti kile na kusema "nataka kama hiki hiki," anaagiza kazi ya watoto watundu, siyo kazi ya Walter.

Karne ya 19 ina lawama zaidi ya hapo. Waingereza walipozipenda upya zama za kati, walitengeneza samani "za kale" wakazipaka giza, na nyingine za kale kweli wakazikwangua rangi. Hata zile nyumba za miti myeusi na kuta nyeupe mnazozipenda kwenye kalenda, mara nyingi weusi wake ni wa karne hiyo hiyo. Mwaloni ukiachwa nje bila kupakwa kitu huwa wa kijivu. Filamu zikaja kumalizia kazi, kila mtu amevaa gunia na anakula gizani.

Wala tusiwacheke Wazungu peke yao. Ukimwambia Mtanzania afikirie Kilwa ya mwaka 1331, mwaka aliopita msafiri Ibn Battuta, ataona mawe ya kijivu yenye mizizi. Kuta zile za matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa. Zilikuwa nyeupe. Tumezoea maiti ya jengo tukadhani ndiyo sura yake.

Kuna wanaokubali kwamba vilipakwa rangi, halafu wanasema basi zilikuwa rangi za asili, zimefifia. Jamani. Tambara la Bayeux, kitambaa kirefu cha picha cha karne ya 11, lina urefu unaokaribia mita 70 na picha zake zimetariziwa kwa sufu iliyotiwa rangi za mimea: bluu ya majani, nyekundu ya mizizi. Bado zinasomeka vizuri mpaka leo. Wachoraji wa mbao nao walikuwa na nyekundu ya zebaki, kijani cha kutu ya shaba, na bluu iliyosagwa kutoka jiwe la Afghanistan ambalo bei yake ilimfanya tajiri aandike kwenye mkataba itumike kiasi gani. (Hapana, mimi sisagi tanzanaiti. Nimeulizwa.)

Zebaki siigusi, nina watoto ndani. Nyekundu yangu ni udongo. Nausaga, nauchanganya na maji mengi, nakoroga, naacha mchanga uzame, kisha namimina yale maji yenye rangi kwenye chombo kingine yatulie. Narudia mpaka unga wa chini ukisugua kati ya vidole husikii chembe. Hapo ndipo unafaa kwa mlango wa sentimita 4. Kabla ya hapo kila chembe itaonekana kama kokoto juu ya rangi. Nyeusi ni masizi, nyeupe ni chokaa, na gundi yake ni kiini cha yai kama walivyofanya wao. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika mambo haya karibu na mwaka 1400, anashauri kiini cheupe cha kuku wa mjini kwa uso wa kijana, na kile chekundu cha kuku wa shamba kwa uso wa mzee. Mtu huyu angeelewana sana na mama muuza mayai wa soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mimi natumia mayai ya kisasa kwa bluu na nyeupe, ya kienyeji kwa nyekundu, na tofauti naiona mpaka inakauka. Ikikauka, sina hakika kama naiona au naitamani.

Tuje kwenye mbao, na hapa mnivumilie, nitakaa.

Mteja mwingine anajiona mjuzi: "Tumia mwaloni halisi." Sitaki, hata ukiuleta. Mbao ya mwaloni ina vitundu vya asili, na tundu moja linafika theluthi moja ya milimita. Tunafanya kazi kwa skeli ya moja kwa kumi na mbili, ile ile iliyotumika kwenye nyumba ya midoli ya Malkia Mary wa Uingereza iliyokamilika mwaka 1924. Kwa skeli hiyo, theluthi ya milimita ni shimo la milimita 4. Hebu weka meza ya kulia chakula yenye mashimo ya milimita 4 juu nzima, uone kama utaweka kikombe. Mbao halisi ndiyo inayokifanya kitu kionekane cha uongo. Kwa sababu hiyo hiyo nawakatalia wanaoniletea mgrivilea kwa furaha, "Dada, huu ukiuchana unatoa madoa yanayong'aa kama mwaloni kabisa!" Kweli unatoa, na kwa meza ya sebuleni kwako ni mzuri sana. Lakini madoa yale hayajui kwamba yako kwenye sanduku la sentimita 10.

Mti wangu ni mbuni. Hapa Moshi tumekaa juu yake na hatuuoni. Mkulima akibadilisha shamba anang'oa mashina ya zamani, yanaishia jikoni. Mbao yake ni nyepesi kwa rangi, ngumu, imeshikana, matundu huyaoni kwa macho. Tabu yake ni kwamba shina ni dogo, limejipinda, na likikauka haraka linapasuka kwa hasira. Napaka nta ncha zote mbili na kulisahau kivulini. Halafu silichani kwa msumeno: napasua kwa kisu na nyundo ya mbao, nikifuata nyuzi zilivyolala. Mbao nyingi za mwaloni za wakati ule nazo zilipasuliwa hivyo, kutoka moyo wa gogo kuelekea ganda, na kipande kilichopasuliwa hakijipindi ovyo hata kikiwa chembamba. Nakisawazisha kwa randa ndogo na kipande cha kioo kilichovunjika hadi milimita 2, ambazo kwa skeli ile ni karibu inchi moja ya ubao wa kweli.

Sanduku lenyewe ni mbao sita: mbele, nyuma, mbili za pembeni zinazoshuka na kuwa miguu, kitako, na kifuniko. Misumari ni waya wa kufungia, nakata na kugonga kichwa. Vyuma vya kukazia natoa kwenye kopo la maziwa ya unga. Navichoma kwenye mkaa mpaka ule mng'ao wa bati uondoke, na vikiwa bado moto napitisha nta ya nyuki. Havihitaji rangi. Vigingi vya meza ni njiti za mianzi nilizozivuta kupitia matundu ya kipande cha chuma, tundu kubwa kisha dogo kisha dogo zaidi. Mengine ni useremala wa kawaida, mnajua.

Sasa uchakavu. Sipingi uchakavu, nyumba yenye watu huchakaa. Ninachopinga ni uchakavu usio na anwani, ile kupaka giza kila mahali sawasawa kisha kufuta na tambara. Rangi huisha pale mkono unapofika: ukingo wa mbele wa kifuniko, kuzunguka kufuli, ncha za mikono ya kiti, katikati ya benchi kuliko pembeni. Uchafu huingia kwenye pembe za ndani, ambako mkono haufiki. Ni vitu viwili vilivyo kinyume, na watu wanavipaka mahali pamoja. Miguu ya sanduku inaoza kutoka chini kwa unyevu wa sakafu, kwa hiyo hapo nakwaruza. Nyuma ya sanduku hakuna aliyegusa, rangi inabaki nzima.

Na moshi (wa kuni, si mji wetu) una anwani kuliko vyote. Ukumbi mkubwa wa wakati ule ulikuwa na moto katikati ya sakafu. Pale Penshurst Place, Uingereza, ukumbi wa mwaka 1341, mahali pa moto pangali palepale katikati. Moshi ulipanda kutafuta tundu la paa. Aliyewahi kuingia jiko la kuni la bibi yake huko migombani ananielewa: boriti nyeusi tii zinang'aa, lakini kigoda alichokukaribishia kilikuwa kimesuguliwa. Kwa hiyo nikikujengea ukumbi, masizi nayaanza kwenye kilele cha paa na kuyafifisha yanavyoshuka. Meza haipati.

Mapazia na vitambaa sitasema mengi: hariri nyembamba tu. Pamba haiangushi mikunjo kwa skeli hii, inasimama. Tai kuukuu na skafu za mitumba pale soko la Memorial zinatosha, na kama unataka pazia lenye picha, chora juu ya kitambaa. Wao pia walichora vitambaa vya ukutani pale ambapo kufuma picha kulikuwa ghali. Na acheni kujaza chumba. Meza zao nyingi zilikuwa ubao uliolazwa tu juu ya miguu, zikiondolewa baada ya chakula. Ukumbi mtupu ni ukumbi sahihi.

Sasa nikiri kinachonisumbua, maana wateja wakali zaidi wanakaribia kukigundua. Vitu vilivyobaki ni vya makanisa, wafalme na matajiri. Benchi ya mkulima ilipovunjika ilichomwa. Kwa hiyo ninaposema "zilipakwa rangi," ushahidi wangu umejaa watu wenye hela, na chumba cha fukara nakiacha mbao tupu. Lakini tupu na nyeupe, siyo kahawia!

Lingine ni gumu zaidi. Nikipaka mlango wa sentimita 4 nyekundu ile ile ambayo ingefaa mlango wa kweli, unaonekana wa plastiki. Jicho linakaribia mno, hakuna hewa katikati, rangi inapiga kelele. Basi huwa natia chokaa kidogo na tone la masizi, naipunguza. Yaani mimi ninayewahubiria ukweli wa rangi nawauzia rangi niliyoipunguza ili ionekane ya kweli. Mtu wa vanishi naye atasema anafanya hivyo hivyo, ila amezidisha. Sina jibu la kumnyamazisha. Ninachoweza kumwambia ni kwamba yangu bado unaona ni nyekundu.

Kuhusu sakafu, nimeona mnabishana chini ya picha ya mwisho. Wataalamu wenyewe wanabishana: majani ya kutandika sakafuni yalimwagwa ovyo, au yalifumwa mikeka? Kumwaga ni rahisi, ila kila ukihamisha kiti yanakufuata. Mimi nafuma, kwa nyuzi za ukindu nilizozichana mpaka zinakaribia kuwa uzi, mkeka mmoja kwa chumba. Anayetaka ya kumwaga aniambie kabla sijaanza, na bei inashuka.