Je, wajua? Mshale wa mwendo kwenye ndege haupimi mwendo

Ukiketi kwenye kiti cha rubani wa DC-3, ndege ya zamani ya injini mbili, mbele yako kuna saa ya duara yenye mshale na namba za mwendo. Ukiruka kutoka Dar es Salaam, mshale ukifika tuseme noti 80, mabawa yanaibeba ndege. Noti moja ni kilometa 1.85 kwa saa. Sasa irushe ndege hiyohiyo, na mzigo uleule, kutoka Tabora saa nane mchana. Magurudumu yatakapoachana na ardhi, mshale utaonyesha noti 80 zilezile. Lakini utakuwa umekula uwanja mrefu zaidi, na miembe ya kando itakuwa inakupita mbio kuliko ile minazi ya Dar. Inakuwaje?

Swali hili nililijibu vibaya kwa miezi kadhaa, tena kwa kujiamini, na nilikuwa nawafundisha wengine jibu hilo hilo. Ndiyo maana nimeona niliandike.

Kwanza nieleze ndege zenyewe ni zipi. Sisi ni kundi la watu wa Tabora na Kigoma, na wachache wa mikoa mingine, tunaoendesha shirika la ndege la kwenye kompyuta. Hatuuzi tiketi wala hatuna ndege ya bati. Kila mwanachama anarusha ndege nyumbani kwake kwenye programu ya kuigiza urukaji, akifuata ratiba tuliyoipanga pamoja. Akitua, programu nyingine ndogo inatuma ripoti: alitoka saa ngapi, alitumia mafuta kiasi gani, aligusa ardhi kwa kishindo gani. Saa zikijumlika anapanda daraja. Mashirika ya namna hii yako mengi duniani, na upo hata mtandao wa VATSIM, tangu 2001, ambako waongoza ndege wa kujitolea hukaa redioni wakizungumza na marubani wa kompyuta kama kazini. Sisi tumechagua ndege za zamani tu, na kipenzi chetu ni DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Wazee wetu waliijua kupitia East African Airways, lile shirika la pamoja lililoanza 1946 na kufa 1977. Kanuni yetu kubwa ni kwamba hakuna kutumia vifaa ambavyo ndege hiyo haikuwa navyo. Ramani inayotembea hakuna, na kompyuta ya kukutajia mwendo wako juu ya ardhi pia hakuna. Una saa za mbele yako, penseli, na kikokotoo cha duara cha karatasi.

Kanuni hiyo ndiyo iliyolifichua kosa langu.

Nilikuwa najua kwamba Tabora iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwamba hewa ya juu ni nyepesi. Nikawaza hivi: hewa ikiwa nyepesi, bawa linashika kidogo, kwa hiyo lazima mshale upande zaidi kabla sijainua pua. Dar nanyanyua kwenye 80, basi Tabora ninyanyue kwenye 90. Hesabu hiyo iliniingia akilini vizuri sana, nikaiandika hata kwenye maelekezo ya wageni wa kundi. Mchana mmoja wa Oktoba, ndege ikiwa imejaa mzigo wa kwenda Kigoma, niliibana ardhini nikisubiri 90. Uwanja uliisha mshale ukiwa kwenye 87.

Dada mmoja wa Ujiji, ambaye ndiye anayetupangia ratiba, aliisoma ripoti yangu akanipigia simu. Akasema: “Kaka, umesubiri nini? Huo mshale haupimi mbio. Unapima msukumo.”

Sentensi hiyo nilikaa nayo siku mbili ndipo nikaielewa. Nataka nikupeleke polepole palepale nilipopita.

Anzia mtoni. Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa Henri Pitot alitaka kujua maji ya mto Seine yanakwenda kwa kasi gani. Njia yake hata wewe unaweza kuijaribu kwenye Malagarasi, ukichagua mahali pasipo mamba. Chukua mrija ulio wazi pande zote mbili, ukunje kama herufi L, uchomeke majini huku mdomo wa chini ukitazama yanakotoka maji. Mto utaingia mrijani na kukwama, na kwa kuwa unasukumwa na maji yajayo nyuma yake, utapanda ndani ya mrija juu ya usawa wa mto. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, yatapanda kama sentimita 5. Yakienda mita 2 kwa sekunde, yatapanda sentimita 20. Kasi mara mbili, kimo mara nne. Pitot hakuwa anapima kasi moja kwa moja. Alipima jinsi maji yanavyosukuma yakizuiwa, kisha akaikokotoa kasi kutoka hapo.

Ndege hufanya vilevile, ila mto wake ni hewa. Chini ya pua ya DC-3 imening'inia mirija inayotazama mbele, na mpaka leo huitwa mirija ya Pitot. Hewa inaingia, inakwama, inasukuma. Msukumo huo unapelekwa kwenye kifuko bapa cha bati jembamba kilicho nyuma ya ile saa. Kifuko kikivimba, mshale unasogea. Tundu jingine linaleta hewa tulivu, ili saa ilinganishe hewa iliyozuiwa na hewa iliyopo tu. Basi. Ndani yake hakuna kitu kinachogusa ardhi, wala gurudumu linalohesabu mizunguko kama kwenye bodaboda.

Hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Namba zilizoandikwa kwenye ile saa zilipangwa kwa hewa ya aina moja tu: hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi joto 15, ambayo mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1.225. Hewa ya Dar kwenye nyuzi 30 ni nyepesi kidogo kuliko hiyo, takriban kilo 1.16. Hewa ya Tabora kwenye nyuzi 30 ni takriban kilo 1.01. Kwa hiyo kila mita ya ujazo ya hewa ya Tabora imepungukiwa na gramu karibu 150 ikilinganishwa na ya Dar, na saa ya mwendo haina namna ya kulijua hilo.

Fikiria umesimama chini ya lori unapokea mizigo. Wanakurushia gunia la mpunga, linakugonga kifuani, unarudi nyuma hatua moja. Kisha wanakurushia gunia la pumba lenye ukubwa uleule. Likija kwa kasi ileile, hutatikisika sana. Ili pumba zikurudishe hatua ileile moja, lazima zije mbio zaidi. Sasa ufungwe kitambaa machoni. Unachojua ni msukumo wa kifuani tu. Huwezi kusema kama uligongwa na mpunga uliokuja taratibu au pumba zilizokuja kwa kasi. Mshale wa mwendo ni huyo mtu aliyefungwa macho.

Na bawa nalo limefungwa macho.

Hapo ndipo mimi nilipokuwa nimepotea. Nilidhani hewa nyepesi inalidhulumu bawa peke yake, na mshale unabaki ukisema kweli, kwa hiyo ni kazi yangu kuongeza fidia. Kumbe bawa na mshale vinakula chungu kimoja. Bawa linabeba ndege kwa kutegemea uzito wa hewa na kasi ikizidishwa kwa yenyewe, na mrija wa Pitot unasukumwa kwa kutegemea vitu hivyohivyo viwili. Msukumo ukitosha kuupandisha mshale hadi 80, unatosha pia kuibeba ndege, iwe Dar, Tabora au Addis Ababa. Fidia imeshalipwa kabla hujaiwaza. Nilipoongeza 10 zangu nililipa deni mara mbili.

Kinachobadilika ni mwendo wa kweli. Ili hewa nyepesi ya Tabora itoe msukumo wa 80, ndege lazima ipite ndani yake kwa noti kama 88, yaani kilometa 163 kwa saa. Dar mchana uleule ingetosha kilometa 152. Tofauti inaonekana ndogo, lakini urefu wa uwanja unaoliwa hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kama yale maji ya Pitot. Tuseme Dar ulihitaji mita 600. Tabora, hata injini zingevuta kwa nguvu zilezile, ungehitaji karibu 690. Ukikosea kama mimi ukasubiri mshale ufike 90, mwendo wa kweli unapanda hadi kilometa 183 kwa saa na uwanja unafika mita 870. Hesabu hizi ni za kulinganisha tu: upepo, mteremko, changarawe na uzito wa ndege vinaweza kuzisogeza mbali.

Na injini hazivuti kwa nguvu zilezile. Rafadha, lile pangaboi la mbele ya injini, ni bawa linalozunguka, nayo katika hewa nyepesi inauma kidogo. Injini yenyewe inavuta pumzi ya hewa iliyopungua. Hapa DC-3 inastahili sifa yake, kwa sababu zile injini zake za silinda 14 zina supachaja, pampu inayozungushwa na injini ili kuishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Dar ukisukuma mkono wa moto, yaani wenzo wa kuongeza nguvu ya injini, mpaka mwisho unaweza kuishindilia injini kupita kiasi inachovumilia. Tabora unausukuma mbele zaidi ndipo upate shindilio lilelile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu wa injini inafidiwa. Ndege ndogo zisizo na supachaja hazina bahati hiyo, na mtu asichukue hesabu ya DC-3 akaibandika kwenye ndege ya injini moja.

Kosa langu lina ndugu zake, na nimewakuta wote kwenye kundi letu. Wapo wanaodhani hewa ya joto inasaidia ndege kupaa kwa kuwa hewa ya joto hupanda. Puto hupanda kwa sababu hewa ya ndani yake ni nyepesi kuliko inayolizunguka. Ndege imezungukwa na hewa ileile moja juu, chini na ubavuni, kwa hiyo haina cha kuelea juu yake. Wapo pia wanaosema hewa ya masika ni nzito kwa sababu ina maji. Ni kinyume chake: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, hivyo unyevu huipunguzia hewa uzito. Kwa joto letu ni chini ya asilimia 2, nami kwenye ratiba siuhesabu.

Joto ndilo tunalolihesabu. Marubani wana kanuni ya haraka: kila nyuzi moja iliyozidi joto la kawaida la mwinuko huo ni kama kuupandisha uwanja mita 37. Joto la kawaida la mwinuko wa Tabora ni nyuzi 7 na kitu. Mchana wa nyuzi 30 umezidi kwa 23, kwa hiyo ndege inajiona kama iko mita 2,000 hivi. Nilipoikokotoa Kigoma, ambako uwanja uko mita 800 na kidogo, nilipata kitu ambacho mpaka leo kinanifurahisha: Tabora alfajiri ya nyuzi 18 na Kigoma mchana wa nyuzi 30 zina hewa ya uzito uleule, karibu kilo 1.05 kwa mita ya ujazo. Kwa ndege, kulala Tabora mpaka asubuhi ni sawa na kushushwa mpaka ziwani.

Ndiyo maana ratiba ya yule dada inaitoa DC-3 Tabora saa 12 na nusu asubuhi, ikiwa na mzigo kamili. Safari ya Kigoma ni kama kilometa 350, saa moja na robo hivi hewani, ikifuata reli kwa karibu njia nzima. Wanaotaka kuruka mchana wanaruhusiwa, ila ratiba inawapunguzia abiria.

Jaribio lake ni rahisi kwa yeyote mwenye programu ya kuigiza urukaji. Weka DC-3 Tabora, iandikie hali ya hewa ya nyuzi 0, ruka kwa 80, hesabu sekunde kwa saa ya mkononi. Rudi mwanzo wa uwanja, andika nyuzi 40, ruka tena kwa 80 ileile. Usiangalie mshale pekee. Angalia nyasi za kando. Kisha fanya kutua, kwa sababu huko ndiko wageni wetu wengi wanakoharibikiwa siku hizi. Wanakuja Tabora mchana, mshale uko sawasawa, lakini macho yanawaambia ardhi inakuja mbio mno, basi wanavuta pua ili wapunguze. Mshale unashuka chini ya pale bawa linapoweza kubeba, na ndege inaanguka mita chache kabla ya uwanja. Tumewaandikia kwenye maelekezo, mahali palepale palipokuwa na 90 yangu: mpaka magurudumu yaguse, fuata mshale, yakishagusa, kumbuka kwamba breki zinaanza kazi kwenye kilometa 163, si 152.