Hatukufungiwa, lakini marejesho hayakujua corona

"Msongo wa mawazo uliwapata Wakenya na Waganda waliofungiwa. Sisi tulikuwa tunatembea."

Hapa Dodoma sentensi hiyo haikosi msemaji. Ni kweli, mwaka 2020 Tanzania haikuwafungia watu ndani. Lakini hata kwa majirani, mlango kufungwa ulikuwa mwanzo tu. Kilichowatafuna watu ni kukatika kwa kipato, hofu ya kuugua au kufiwa, kukaa mbali na wenzao, na kutojua mambo yataisha lini. Hayo hayahitaji amri ya kutotoka nje. Vyuo vilipofungwa Machi 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walibeba mabegi wakaondoka, na Ng'ong'ona, eneo la jirani na chuo, ikapoa. Mama lishe aliyezoea kupika sufuria mbili za wali akabaki na nusu sufuria, nayo inalala. Bodaboda akashinda kijiweni anahesabu magari. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Kwa miezi hiyo miwili na zaidi, marejesho ya mkopo wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, yaliendelea kudaiwa kila wiki kama kawaida. Mtu wa namna hiyo akikosa usingizi, utasema hakufungiwa?

"Kwetu familia ni kubwa, hakuna mpweke."

Upweke hauhesabiwi kwa vichwa. Mnaweza kulala sita chumba kimoja cha kupanga na usiwe na hata mmoja wa kumwambia "nimeelemewa." Tena msongamano wenyewe huzaa ugomvi, na shule zikifungwa mzigo wa watoto humwangukia mama. Ila hapa wanaosifu familia wana haki yao: mwenye mtu wa kumsikiliza, awe ndugu au jirani tu, huhimili zaidi. Tofauti ni usikivu, siyo wingi.

"Wazee ndio waliochanganyikiwa zaidi."

Wazee ndio waliokuwa hatarini zaidi kufa kwa corona, na nadhani hapo ndipo watu huchanganya. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25, na walioguswa zaidi ni vijana na wanawake.

"Ni udhaifu wa imani."

Sala humtuliza mtu, sibishi. Lakini aliyekuwa na sonona kabla ya janga, au aliyeshinda akisikiliza sauti za kutisha za WhatsApp hadi usiku wa manane, aliingia kwenye dhiki hiyo akiwa tayari amechoka. Imani yake haihusiki.

"Ukienda Mirembe, umeshakuwa kichaa."

Hili tumelirithi tangu utotoni, pale jina la hospitali lilipokuwa tusi la kutaniana darasani. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, kuna kliniki ya wagonjwa wa nje. Mtu huenda asubuhi, huzungumza na mtaalamu, hupewa dawa ikibidi, na jioni yuko kwake anasonga ugali.