Turubai la kibanda cha mashua: kulichagua na kulitia viraka

Mashua ya mbao iliyopandishwa pwani kwa matengenezo hukabiliwa kwanza na jua. Mbao zilizozoea maji hukauka upesi kuliko zinavyoweza kustahimili, kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, hulegea kwenye mishono, na mbao mpya ambazo bado hazijapigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, hupasuka vichwani kabla fundi hajazigusa. Hapa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako nimeunda na kukarabati vyombo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, wazee walifanya kazi hiyo chini ya vivuli vya makuti, na hadi leo sijaona paa linalotoa joto vizuri kuliko makuti. Lakini kibanda cha makuti hujengwa mahali pamoja, kwa chombo kitakachokaa miezi mingi. Kwa mashua itakayokaa wiki sita tu, au kwa kazi ya faiba (nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, utomvu wa kiwandani) na rangi ambayo haivumilii vumbi wala tone la mvua, wengi wetu sasa tunatumia plastiki. Maswali ninayoulizwa mara nyingi ni mawili: ninunue ipi, na ikichanika nifanyeje. Nitayajibu pamoja, kwa kuwa aina ya plastiki uliyonunua ndiyo itakayoamua namna utakavyoweza kuitengeneza.

Dukani karibu kila kitu huitwa turubai au nailoni. Mimi hutenganisha aina tatu. Ya kwanza ni nailoni ya mabunda isiyo na nyuzi ndani yake, inayouzwa kwa mita, ambayo ni polithini tupu. Ya pili ni turubai jepesi lililofumwa kwa nyuzi bapa za polithini kisha likapakwa polithini pande zote mbili. Mengi huwa ya bluu. Ya tatu ni turubai zito la malori, ambalo ndani lina kitambaa cha nyuzi imara na nje limepakwa PVC, plastiki ya jamii ya ile ya mabomba ya maji. Ukiwa na shaka, kata kipande cha upana wa kidole na ukitumbukize ndani ya kikombe cha maji yenye tone la sabuni, kisha ukisukume chini kwa kijiti ili mapovu yatoke. Polithini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo itapanda juu. PVC ni nzito kuliko maji na itazama. Wapo wanaotambua plastiki kwa kuichoma na kunusa moshi wake, jambo ambalo ninawaomba vijana waliache, kwa sababu PVC inapoungua hutoa moshi wenye tindikali unaodhuru mapafu.

Mvua haina kosa kubwa katika kuharibika kwa plastiki. Polithini imejengwa kwa minyororo mirefu ya kikemikali, nayo mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, mpaka karatasi iliyokuwa laini na yenye kunyumbuka ikawa kavu na yenye kukatika kama jani la mkungu. Nailoni angavu ya kawaida, isiyotiwa kinga, hufikia hali hiyo katika miezi michache tu ya jua la pwani. Ndiyo maana huwashauri watu watafute nailoni ya vitalu nyumba, ile ya wakulima, yenye unene wa mikroni 200 hivi, yaani sehemu ya tano ya milimita, na iliyotengenezwa kwa kuchanganywa na dawa ya kuzuia jua, ambayo hustahimili misimu kadhaa. Nailoni nyeusi nayo hudumu, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa ndani yake huyameza mionzi kabla haijapenya. Lakini chini yake ni giza na joto, na fundi hawezi kuona ukingo wa mbao anayoichonga.

Kwa maturubai ya kufumwa, rangi haisemi kitu kuhusu ubora, na unene unaoandikwa kwenye mfuko mara nyingi haupimiki dukani. Uzito unapimika. Omba mizani, pima turubai zima, kisha gawanya kwa eneo lake. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24. Likiwa na kilo 2, kila mita ya mraba ina gramu 83 tu, na hilo ni la kufunika mzigo kwa siku chache. Likikaribia kilo 5, ni la gramu 200 hivi, ambao ndio uzito wa yale yanayogawiwa katika kambi za wakimbizi na kwa watu waliobomokewa nyumba, nami sitii chini ya hapo kwenye paa la kibanda. La PVC la malori huanzia kama gramu 500. Lina nguvu, linaunganishika vizuri, lakini bei yake ni kubwa na linahitaji boriti nene zaidi za kulibeba.

Kazi utakayofanya chini yake nayo ina haki ya kusikilizwa. Kwa chombo cha mbao ninapendelea plastiki nyeupe isiyo angavu, ambayo huingiza mwanga laini bila kuichoma mbao. Nailoni angavu iliyofungwa pande zote hugeuka tanuri wakati wa adhuhuri, na mbao hukauka humo vibaya kuliko zingekauka nje. Kwa kazi ya faiba hatari ni nyingine: kadiri joto linavyozidi, ndivyo resini iliyokwisha kutiwa dawa ya kuigandisha inavyoganda upesi, hata ikaganda ndooni kabla hujaimaliza kuipaka. Usiku hali hugeuka, mvuke hujikusanya upande wa ndani wa nailoni, na alfajiri hutona juu ya rangi. Kwa hiyo ncha zote mbili za kibanda ziachwe wazi juu, chini ya mgongo wa paa, hata kama pande za chini zimefungwa kwa ajili ya vumbi.

Upepo ndio unaostahili hesabu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao mabaharia, wanaopima mwendo kwa noti, wanauita noti 20, unasukuma kila mita ya mraba unayoikabili kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 hivi. Ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne na kufika kilo 24. Paa la mita 6 kwa 10 lina mita za mraba 60, na hivyo dhoruba ya noti 40 inaweza kulivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja na nusu. Vigingi vilivyopigwa kwenye mchanga mkavu haviwezi kuzuia nguvu hiyo. Sisi huzika magogo yaliyolala, au viroba vilivyojazwa mchanga, kwa kina cha mita moja, na kamba hufungwa humo kabla ya kufukia. Paa liwe na mteremko wa kutosha pia, kwa sababu bonde dogo la mita moja ya mraba lenye maji ya kina cha sentimita 10 limebeba kilo 100, na kila tone linaloongezeka hulivuta chini zaidi.

Baada ya jua, kinachofuata kwa uharibifu ni msuguano. Turubai linalopigapiga hujichana lenyewe pale linapogusa boriti, kwa hiyo tunachonga vifundo vya boriti za mikoko na kuvifunga kwa vipande vya tanga kuukuu. Livute siku yenye joto na isiyo na upepo. Polithini hutanuka kwa joto, na likifungwa alfajiri kwenye ubaridi litakuwa limelegea kufikia saa sita mchana. Wanaotumia mabomba ya PVC kama matao wajue kwamba bomba hilo hufupisha maisha ya nailoni inayoligusa, na bomba la chuma lililopata moto wa jua hufanya vivyo hivyo. Funga kitambaa cheupe katikati yao. Mahali pa kukaza nailoni kwenye mbao, tumia upapi, yaani ubao mwembamba mrefu, juu yake ili mkazo uenee katika urefu wote. Msumari peke yake ni mwanzo wa mchano.

Nasema hivyo kwa sababu niliona. Mwezi Juni wa mwaka mmoja niliacha tundu la urefu wa kidole pembeni mwa upapi, nikikusudia kulishughulikia baada ya kumaliza kupaka rangi ya kwanza. Kusi ilivuma usiku wa tatu, na asubuhi nailoni ilikuwa imepasuka kutoka upenuni hadi mgongoni, rangi yote ya upande wa kushoto ikiwa imejaa mchanga. Tuliikwangua yote, na mwenye chombo alikosa wiki mbili za uvuvi. Tangu hapo mchano hutibiwa siku ileile unapoonekana.

Kabla ya kutia kiraka, pima kama plastiki ingali hai. Kunja pembe yake, ibane kwa vidole, kisha ikunjue. Ikibaki na mstari mweupe wenye nyufa, au ikitoa sauti kavu ya kukatika, kiraka hakitasaidia kwa kuwa itapasuka tena kando ya kiraka hichohicho. Ikiwa bado inanyumbuka, anza kwa kukata kitundu kidogo cha mviringo kwenye kila ncha ya mchano ili usiendelee kukimbia. Osha pande zote kwa maji matamu na sabuni, kwa sababu chumvi hubaki kama chembe chini ya kiraka na kuvuta unyevu. Kausha, kisha futa kwa spiriti. Kiraka kivuke ukingo wa mchano kwa sentimita 5 au zaidi kila upande, na pembe zake zikatwe kwa mviringo, kwani pembe kali ndiyo ya kwanza kubanduka.

Polithini haishiki gundi. Gundi ya viatu, gundi ya mabomba na karibu kila gundi ya dukani itaonekana imeshika jioni na kubanduka kesho yake kama ngozi iliyoungua. Kwa nailoni tumia utepe maalumu wa vitalu nyumba wenye kinga ya jua, upande wa nje na wa ndani, uukandamize kutoka katikati kuelekea pembeni. Utepe wa kufungia maboksi hauvumilii jua. Kwa turubai lililofumwa, joto hufanya kazi nzuri: weka kiraka cha turubai la aina ileile, funika kwa karatasi ya kuokea, na upitishe pasi ya umeme polepole. Polithini ya juu huyeyuka kwenye nyuzijoto 110 hivi, na nyuzi za ndani kama 130, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo na lazima ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Pasipo na umeme, shona kwa shazia, ile sindano kubwa, na uzi wa poliesta, mishono isibanane, kisha funika matundu ya sindano kwa utepe.

PVC ni rahisi zaidi. Inaunganishwa kwa gundi inayotumika kwenye boti za kujazwa upepo, ikipakwa pande zote mbili, au kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto pamoja na kigurudumu cha kukandamiza, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya moshi. Gundi ya mabomba ya maji haifai hata hapa, kwa kuwa hukauka ngumu na kuvunjika turubai linapokunjwa.

Pete za pembeni zikichomoka, usitoboe tundu jipya karibu na la zamani. Chukua jiwe laini la mviringo lenye ukubwa wa limau, liweke chini ya turubai, lifumbate kwa plastiki yenyewe na ufunge kamba shingoni. Fundo hilo hushika imara kuliko pete, maana halikutoboa kitu.

Kazi ikiisha, osha turubai kwa maji matamu, likauke pande zote mbili, kisha lizungushe kwenye bomba au mwanzi badala ya kulikunja, na ulitundike kivulini mahali ambapo panya hawafiki. Lililokufa tunalikata na kulitandika chini ya chombo tunapokwangua rangi, kisha linaondoka na magamba yake kwenda jaani. Halibaki ufukweni hata siku moja, kwa kuwa polithini iliyokauka huvunjika vipande vidogo visivyookoteka tena, na maji yakijaa vinakwenda kule tunakovua.