"Usiogope" mara 365? Hesabu haiko hivyo

Ujumbe huu huzunguka kila mwaka kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya na jumuiya, kuanzia Kongwa hadi Chamwino: eti Biblia imeandika "usiogope" mara 365, moja kwa kila siku, hivyo anayeogopa kuitikia wito wa Mungu hana imani.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua programu ya Biblia ya Kiswahili, tafuta "usiogope", kisha "msiogope" peke yake, maana utafutaji mmoja hauleti yote mawili. Jumlisha. Hazifiki 365, hata ukiongeza "usiwe na hofu". Wanaofikisha idadi hiyo huchanganya na mistari mingine ya faraja, kama Yohana 14:1. Watu huamini kwa sababu agizo lenyewe lipo kweli, tena mara nyingi, na 365 inapendeza masikioni.

Kinachoumiza zaidi ni ile sehemu ya pili. Soma Waamuzi 6. Gideoni anaambiwa "usiogope" mstari wa 23. Mstari wa 27 anachukua watumishi kumi kwenda kubomoa madhabahu ya Baali, lakini usiku, kwa kuwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na wa mji. Alitii huku anaogopa, na hakukemewa kwa kwenda usiku. Paulo naye anakiri hofu na kutetemeka, 1 Wakorintho 2:3.

Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa upole, umwekee mistari hiyo asome mwenyewe.