Mashine ya kusoma nia hatuna, msituletee watu

Jamani, hapa kwenye maabara yetu ya kupima ubongo maombi yamezidi. Bosi anataka tumpime karani kabla hajaiba, mwingine mchumba wake kama ana mpango wa kumwacha, eti sayansi inaona uamuzi kichwani kabla mwenyewe hajajua.

Hilo halijatoka hewani. Mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na wenzake waliwaambia watu wakunje mkono wakati wowote wakijisikia, macho kwenye nukta inayozunguka kama mshale wa saa ili waseme ilikuwa wapi hamu ilipowajia, ikaonekana ubongo unaanza kujiandaa kama nusu sekunde kabla mkono haujasogea, na mwenyewe anasema hamu kaisikia sekunde 0.2 tu kabla. Libet mwenyewe aliamini hapo katikati mtu bado anaweza kughairi, hicho kipande hamkisambazi. Halafu 2008 watafiti Ujerumani wakabashiri kwa MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, mtu atabonyeza kitufe cha kulia au kushoto, sekunde 7 hivi kabla. Walipatia kama mara 60 kwa 100. Ukirusha shilingi unapata 50! Na mtu kalala mwenyewe kwenye mashine, katulia, karudia zoezi weee mpaka kompyuta ikamzoea, sasa karani wako anayewaza kodi, mtoto na hasira zake kwako utamsoma nini?

Ile mashine ya kugundua uongo nayo inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho, yaani woga, nia haimo. Marekani tangu 1988 waajiri wengi binafsi wamekatazwa kisheria kuwapima nayo wafanyakazi.

Utaratibu wetu: fomu anajaza anayepimwa, sio bosi, sio mke. Kurasa mbili, sahihi zote mbili, ikikosekana moja inarudi na foleni unaanza upya. Kujitoa ruhusa hata kofia ya nyaya ikiwa kichwani na jeli imeshapakwa. Majibu anapewa yeye peke yake. Ukigundulika umemlazimisha mtu, maombi yanafutwa, barua inaingia faili, na kwa mwaka mzima hatupokei ombi lako lolote, hata la mtu mwingine, hata ukituma msaidizi, tunawajua.

Juzi kaletwa kijana, fomu imeshasainiwa vizuri kabisa. Tukamuuliza unajua umekuja kupimwa nini? Akasema macho.