Joto halina spidi, jamani

"Kama ukuta wa inchi 6 joto linapita kwa saa kadhaa, basi wa inchi 12 ni mara mbili." Hesabu hii hupigwa saiti za Moshi kila jua la Januari na Februari linapobana, na wanaoipiga si mafundi tu, mainjinia wamo. Joto si Kosta ya Moshi–Arusha.

Mlinganyo wa joto aliouchapisha Mfaransa Fourier mwaka 1822 unalieleza tofali kwa namba moja tu, usambaaji joto, yaani jinsi joto linavyosambaa ndani ya kitu, na kizio chake ni mita za mraba kwa sekunde. Kitazame hicho kizio. Ukitaka muda, lazima uchukue mraba wa unene ugawe kwa namba hiyo. Zege ni kama 0.0000007. Sentimita 15, yaani inchi 6, zinatoa karibu saa 9. Sentimita 30, saa 36. Mara nne.

Sasa wanaonikera zaidi ni waliokariri hiyo mara nne, maana wanaipeleka hadi kwenye jua. Mara nne ni ya ukuta uliopashwa ghafla ukaachwa hivyo hivyo. Jua hupanda na kushuka kila saa 24, na hapo kilele cha joto huchelewa kufika ndani sawasawa na unene: kwa zege ileile, kama sentimita 3.6 kwa saa. Inchi 6 ni saa 4 na ushee, inchi 12 ni 8 na ushee. Fundi kapatia? Jibu kapatia, spidi hana. Chukua joto la msimu, linalozunguka kwa mwaka, uone: zege haijabadilika, ila mwendo umepungua mara 19, yaani kipeuo cha pili cha 365. Spidi gani inafuata kalenda? Tena wimbi la joto la kila siku, huko kupanda na kushuka, linafifia njiani: baada ya inchi 6 hubaki theluthi, baada ya 12 sehemu ya tisa.

Mashaka yapo. Tofali lenye mchanga mwingi na simenti ya kuhesabu halina namba ya zege. Hesabu ya wimbi huchukulia ukuta usio na mwisho, na wa chumbani una mwisho. Mlinganyo wenyewe unadai ukipasha upande huu, ule wa pili unahisi papo hapo, hata kama ni kidogo mno. Haiwezekani, na Mwitaliano Cattaneo alipendekeza marekebisho mwaka 1948, lakini kwenye tofali tofauti haipimiki, basi tunanyamaza.

Na kabla hujaongeza tofali, angalia juu. Bati halifiki milimita moja. Muda wake hautimii sehemu ya kumi ya sekunde. Hela ya inchi 12 ipeleke kwanza kwenye siling bodi, uache nafasi ya hewa kati yake na bati.